Kabla mwanao hajatimiza miaka 18: makaratasi ya kuandaa na pesa za kufuatilia

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiwa na miaka 4, mama humfunga mgongoni kwa leso, akapanda matatu na kulipa nauli ya mtu mmoja. Mtoto huyohuyo akifika miaka 15 anahitaji watu wawili wa kumwinua na viti viwili vya matatu, au teksi ya kwenda na kurudi. Nepi zake sasa ni za watu wazima. Dawa ya kifafa, ambayo hupimwa kwa kuangalia uzito, imeongezeka. Gharama hukua pamoja na mwili, lakini michango ya jamaa hufanya kinyume: huja kwa wingi mtoto akiwa mdogo na watu wakiamini atapona, kisha hupungua kimyakimya. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, miaka ya 14 hadi 17 ndiyo ya kukaa chini na kupanga. Ninayoyaandika hapa ni ya Kenya, ambako nimeyapitia na mwanangu.

Tafuta kwanza cheti cha kuzaliwa. Kisome herufi kwa herufi ukilinganisha na kitambulisho chako na karatasi za hospitali. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina la mwanangu ilinipotezea miezi mitatu, na nilikuwa nayo karatasi hiyo nyumbani miaka yote bila kuitazama.

Cha pili ni tathmini ya ulemavu, na hapa naomba usiharakishe. Hufanywa na wahudumu wa afya katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na matokeo yake ndiyo yanayomwezesha mtoto kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata kadi. Karibu kila msaada ninaoutaja hapa chini huanzia kwenye kadi hiyo. Sasa, kosa tunalolifanya sisi wazazi ni la mapenzi: tunamwogesha mtoto, tunamvalisha nguo za sikukuu, na daktari akiuliza hali tunajibu "anaendelea vizuri, tunashukuru Mungu." Daktari huandika alichokisikia. Kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo, andika kwenye daftari mambo ya kila siku: nani anamlisha na kwa dakika ngapi, anaamka mara ngapi usiku, degedege limemjia siku zipi, anaweza kwenda chooni peke yake au la. Mwenye mtoto wa selimundu (sickle cell) au kisukari ajue kwamba jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Eleza ugonjwa unamzuia nini, siku ngapi amekosa shule muhula huu, amelazwa mara ngapi. Eleza siku mbaya jinsi ilivyo. Huko si kumdhalilisha mtoto, ni kumsemea.

Ukishapata kadi, uliza kuhusu Inua Jamii. Mpango huo wa serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa muda wote, na mlezi ndiye anayepokea kwa niaba yake. Usajili haufunguliwi kila siku. Hutangazwa, mara nyingi kupitia kwa chifu na wazee wa mtaa, kwa hiyo wajue na wakujue kabla. Mama anayemficha mtoto ndani kwa kuogopa maneno ya majirani hukosa hata jina lake kutajwa barazani kwa chifu. Na ukishaingia, usiijenge bajeti yote juu ya pesa hiyo. Ukiigawa kwa siku 30 haifiki shilingi 67, na malipo yamewahi kuchelewa kwa miezi. Mimi huihesabu kuwa ya nepi tu, ikija. Chakula na dawa nazitafutia njia nyingine, na chama chetu cha akina mama ndicho kilichotuvusha mara nyingi. Taja pia mlezi wa pili mapema, mtu anayeishi karibu na mtoto kweli. Mlezi mmoja akiugua au akifariki, pesa inaweza kukwama wakati ambao mtoto anaihitaji zaidi.

Kuhusu matibabu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya serikali ya zamani, Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha mtoto ameorodheshwa chini yako sasa hivi, usingoje alazwe. Sheria inamhesabu mtoto asiye na kipato kuwa tegemezi hadi miaka 21, au 25 akiwa bado anasoma. Lakini mtu mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kwa kila kitu na kuishi naye hakuwekewa kikomo cha umri. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoichelewesha ile kadi.

Karo na vifaa: Baraza lina mfuko wa kusaidia masomo na vifaa kama viti vya magurudumu, na kuna bursari za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na za kaunti. Fomu hujazwa upya, basi weka nakala kumi za kila karatasi kwenye faili moja. Kiti alichopewa akiwa na miaka 9 hakimtoshi tena na kinamuumiza mgongo, kwa hiyo omba kipya kabla cha zamani hakijavunjika.

Jambo linalosahaulika kabisa ni baba. Akina mama wengi wenye watoto hawa wamebaki peke yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema wajibu wa kumlea mtoto ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Wengi hudhani wajibu huo unakatika siku mtoto anapotimiza miaka 18. Sheria ya Watoto ya 2022 inairuhusu mahakama kuurefusha kupita umri huo pakiwa na sababu maalum, na kijana asiyeweza kujilisha ni sababu. Nenda kwa afisa wa watoto, au uulize msaada wa wakili wa bure, mwanao akiwa na miaka 16 au 17, na uwe na risiti za hospitali, nauli na dawa za mwaka mzima. Bila risiti utabaki kubishana kwa maneno matupu.

Na siku ya miaka 18 yenyewe inakuja na kitambulisho. Bila hicho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti yake, na benki itauliza nani anatia saini. Mikono iliyokakamaa huchukua muda kupigwa alama za vidole. Nenda ofisi ya usajili peke yako kwanza, mueleze afisa hali ya kijana, uulize kama wanaweza kuja nyumbani au watakutengea saa ambayo hakuna foleni. Siku yenyewe beba mafuta ya kumkanda vidole na kitambaa safi cha kuvifuta, na umwambie kijana njiani mnakwenda kufanya nini, maana ni jina lake linaloandikwa.