Ukienda Yerusalemu, chukua majina ya watu wa nyumbani

Siku yangu ya kwanza Yerusalemu tulizungushwa sehemu saba. Usiku nikakuta picha ninazo, sala sina. Nililia. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa hija, chagua sehemu tatu za kukaa. Kwingine pita tu.

Kabla ya kuondoka, tafuta daftari dogo. Mimi nilizunguka kwa akina mama wa kanisa letu hapa Mvumi, kila mmoja akaandika haja yake kwa mkono wake, ukurasa mmoja mmoja. Asiyejua kuandika nilimwandikia, akaweka dole gumba.

Kanisa la Kaburi Takatifu, fika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya umati. Ufunguo wake unatunzwa na familia moja ya Kiislamu, na mlango hufunguliwa na mtu wa familia nyingine ya Kiislamu. Ni desturi ya karne nyingi. Ukiingia tu, mbele yako kuna Jiwe la Upako, linalokumbusha mahali mwili wa Yesu ulipopakwa manukato kabla ya kuzikwa. Lililopo sasa liliwekwa mwaka 1810, sikufichi. Hata hivyo nilipiga magoti, nikalaza daftari juu yake, nikayasoma majina yote kwa sauti ya chini. Mahujaji hulimiminia jiwe hilo mafuta ya manukato, na jalada likayanywa.

Sehemu ya pili ni handaki la Hezekia, mfalme wa Yuda, na hapa usiharakishwe na mtu. Vaa yeboyebo, shika tochi, pandisha nguo: maji mwanzoni yanafika mapajani. Ni mita 533 za mwamba mtupu, uliochongwa ili maji ya chemchemi ya Gihoni yaingie mjini. Soma 2 Wafalme 20:20 kabla hujashuka. Wachongaji walianzia ncha mbili wakakutana ndani, na maandishi yanayosimulia siku hiyo yaligunduliwa ukutani mwaka 1880. Sisi Wagogo tumekulia kwenye visima vya mchangani. Kiangazi unachimba korongoni mpaka kichwa kinazama shimoni, unateka kwa kibuyu, unasubiri maji yajikusanye tena. Nilipopapasa alama za patasi ukutani nilizima tochi, nikasimama gizani, maji baridi yakipita miguuni, nikamshukuru Mungu kwa kila aliyewahi kuchimba ili wengine wanywe. Kama nafasi finyu zinakubana pumzi, omba kupitia njia kavu iliyo jirani.

Ya tatu, Kanisa la Mtakatifu Anna, karibu na birika la Bethzatha (Yohana 5). Linaangaliwa na Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe tunaowafahamu. Hapo imba. Imba taratibu, ukiacha nafasi kati ya mistari, maana mwangwi unakaa juu muda mrefu kabla ya kufifia. Tuliimba Kigogo watu wanne tu, ikasikika kama kwaya nzima.

Ukipata muda, panda Mlima wa Mizeituni kwenye kanisa la Baba Yetu. Sala hiyo iko kwenye vigae kwa lugha zaidi ya 100. Tafuta kigae cha Kiswahili.

Ukirudi, kabla ya kufungua sanduku la zawadi, chana kurasa uwapelekee wenyewe. Jirani yangu aliinusa yake muda mrefu, ikinukia yale mafuta, kisha akaikunja akaiweka kwenye Biblia, Zaburi ya 122.