Msomaji akifika "Mwisho", usimwache aende

Unayejichapishia riwaya za mapenzi, mwaliko wa kujiunga na orodha yako ya barua pepe uweke mara tu baada ya sentensi ya mwisho, kabla ya shukrani na wasifu wako. Hapo ndipo moyo wa msomaji bado uko kwa wahusika. Akishafungua shukrani, wengi hufunga kitabu.

Kama zawadi ya kujiunga, mpe sura ya ziada, maneno 1,500 hadi 2,500, inayowaonyesha wapenzi wale wale mwaka mmoja baadaye. Kipande ulichokikata wakati wa kuhariri hakivutii sana. Kilikatwa kwa sababu. Ila hadithi yenyewe iishe kitabuni. Ukificha ndoa au suluhu kwenye sura ya ziada, utalaumiwa kwenye maoni, na ni haki yao.

Kiungo cha kujiunga kiwe kimoja tu, na kipitie tovuti yako ili siku ukibadilisha huduma inayokutumia barua pepe za orodha usilazimike kupakia vitabu vyote upya. Kwenye nakala ya karatasi weka msimbo wa QR usiopungua sentimita 2 kila upande, uujaribu kwa simu baada ya kuchapwa.

Barua ya kwanza itoke yenyewe papo hapo, ikiwa na kiungo cha kupakua sura ile ya ziada, usiambatanishe faili. Itume kutoka anwani ya kikoa chako (yenye jina la tovuti yako), si ya Gmail ya bure, maana barua yenye anwani ya Gmail ikitumwa na huduma hiyo mara nyingi huishia kwenye taka. Malizia kwa swali jepesi: ni mhusika gani angependa apate kitabu chake? Wakijibu, wajibu.