Kupiga picha kwenye baridi kali, kama nilivyofundishwa na vijana wa Iqaluit

Nilitoka Tanga nikijiona fundi. Harusi nilizopiga hazihesabiki. Siku yangu ya kwanza nje Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, nyuzi 31 chini ya sifuri, betri iliyojaa ilizima kabla sijafika picha ya kumi. Vijana wa Kiinuit, wenyeji wa huko, niliofuatana nao wakaangua kicheko, kisha wakaanza kunifundisha.

Betri ya akiba ikae mfuko wa shati, ndani kabisa, ipate joto la mwili. Iliyozima usiitupe. Ibane kwapani kidogo, mara nyingi hufufuka. Simu nayo ni hivyo hivyo.

Hatari kubwa iko mlangoni unaporudi. Unajua miwani inavyopata ukungu ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi pale Tanga? Sasa fikiria hilo likitokea ndani ya lenzi. Ungali nje, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uingie nayo, uiache kama saa mbili bila kuifungua. Unyevu utashika mfuko. Mimi nilikimbilia chai, na lenzi ya kuazima ikabaki na madoa kwa ndani.

Theluji huidanganya kamera, ikaitoa kijivu kama majivu ya jikoni. Kwenye kamera, tafuta alama ya +/- uongeze mwangaza kwa +1, au zaidi kidogo jua likiwaka. Kwenye simu, gusa theluji kisha vuta kile kijua juu.

Sasa upige nini? Wageni tunakimbilia dubu na ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Vijana wale walikuwa wakimpiga picha bibi anayekata sili, mnyama wa baharini, kwa ulu, kisu chake cha nusu mwezi, nyama ikiwa juu ya boksi lililotandazwa sakafuni. Walipiga picha za mafundo ya kamba za qamutik, kigari cha kuburutwa kwenye theluji, na za mtoto aliyelala ndani ya amauti, koti lenye mfuko mgongoni. Mbeleko yao hiyo.

Omba ruhusa, halafu tazama uso. Kuinua nyusi ni ndiyo, kukunja pua ni hapana. Niliwahi kusimama nikingoja jibu la bibi mmoja, kumbe ameshanijibu mara mbili.

Halafu majina. Hapa hawana mchezo. Makavazi ya Kanada, yanakotunzwa nyaraka za kale, yana picha nyingi za zamani zilizopigwa na wageni, Wainuit wakiwa wamesimama bila majina. Ndiyo maana mwaka 2001 ulianza mradi ambao vijana wa Nunavut waliwapelekea wazee picha hizo, wawatambue waliomo. Basi andika siku hiyo hiyo nani, wapi, lini, na mwombe mwenyewe akuandikie jina lake, maana wewe utakosea herufi. Mimi niliandika "bibi na mbwa", nikarudishwa. Kumbe hata mbwa alikuwa na jina.