Jinsi ya kumfuatilia mhusika mmoja hadi uipate dhamira ya tamthilia nzima

Wengi wakiandika kuhusu tamthilia ya kisayansi huanza na vyombo vya angani, silaha na sayari. Wakifika kwa wahusika, wanaorodhesha sifa: jasiri, mkali, mwaminifu. Orodha ya namna hiyo haimwelezi mtu. Jasiri wa msimu wa kwanza na jasiri wa msimu wa saba wanaweza kuwa watu wawili wenye sura moja, na kazi ya mchambuzi ni kuonyesha alivukaje kutoka huku hadi kule. Hapa Kampala nawafundisha vijana kuchambua tamthilia kabla hawajaanza kuandika za kwao, na hii ndiyo njia ninayopita nao.

Mfano wangu ni Star Trek: Deep Space Nine, iliyorushwa Marekani kuanzia 1993 hadi 1999 kwa misimu saba. Naipenda kwa sababu inaanzia pale ambapo hadithi nyingi za ukombozi huishia. Wakardasia, watu wa sayari ya Cardassia, waliikalia sayari ya Bajor kwa takriban miaka 50, wakawatumikisha wenyeji migodini na makambini, na sasa wameondoka. Wabajori wamebaki na nchi yao, makaburi yao, na majirani ambao kila mmoja anakumbuka mwenzake alifanya nini wakati ule. Katika nchi yetu swali la kesho yake baada ya vita halihitaji utangulizi mrefu. Nitaeleza matukio hadi msimu wa mwisho, kwa hiyo kama hujaitazama na hutaki kujua, itazame kwanza.

Hatua ya 1: Chagua mhusika mmoja tu

Si lazima awe mhusika mkuu. Hapa mkuu ni Benjamin Sisko, anayeongoza kituo cha angani, lakini mimi huanza na msaidizi wake, Meja Kira Nerys. Kipimo ni rahisi: jiulize ni nani ambaye ukimtoa, swali la hadithi linakufa. Kira alijiunga na wapiganaji wa chini kwa chini akiwa bado mtoto. Sasa anafanya kazi ya ofisi, kwenye kituo kilekile kilichojengwa na waliomtawala. Ukimtoa yeye, Bajor inabaki jina la sayari tu.

Hatua ya 2: Andika maamuzi, usiandike tabia

Chora safu nne kwenye daftari: anataka nini, anaogopa nini, aliamua nini, kilimgharimu nini. Safu ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mhusika anaweza kusema amebadilika, wenzake wakamsifu, muziki ukapigwa. Kama uamuzi wake haukumgharimu chochote, hajabadilika bado.

Tamthilia hii ina vipindi zaidi ya 170. Usijaribu kuvijazia vyote. Tafuta kimoja cha mwanzo, kimoja au viwili ambapo mhusika amebanwa kweli, na kimoja cha mwisho.

Hatua ya 3: Litazame tukio moja polepole

Hapa ndipo nawaomba msiharakishe. Chukua kipindi kiitwacho Duet, cha mwishoni mwa msimu wa kwanza, mwaka 1993. Hakina vita vya angani. Sehemu kubwa ni watu wawili wanaozungumza, mmoja ndani ya seli na mwingine nje.

Kira anapata habari kwamba kuna mgonjwa kituoni mwenye maradhi yanayowapata tu watu waliokuwapo kwenye ajali moja ya mgodi huko Gallitepp, kambi ya mateso ambayo Kira mwenyewe alishiriki kuikomboa. Anakwenda kumpokea ndugu aliyenusurika. Anamkuta Mkardasia. Papo hapo anaamuru akamatwe.

Mgonjwa anasema jina lake ni Marritza, karani wa mafaili tu. Kisha ushahidi unaonyesha kwamba ni Gul Darhe'el, mkuu wa kambi mwenyewe, naye akibanwa anakubali kwa majivuno na kujisifu kwa mauaji. Kwenye daftari, safu ya kwanza imejaa: Kira alitaka mhalifu, amempata. Lakini upelelezi unaendelea, na inabainika kwamba Darhe'el alikwisha kufa miaka kadhaa nyuma. Huyu ni karani kweli. Alifanyiwa upasuaji wa uso afanane na bosi wake, akaja kukamatwa kwa makusudi, ili ahukumiwe hadharani na taifa lake lilazimike kukiri lilichofanya.

Hata baada ya kugunduliwa anaendelea kuigiza. Anamtukana yule karani mwoga aliyekuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio vya Wabajori. Katikati ya matusi sauti inakatika, na mbele yetu amebaki karani anayelia. Kira anauzima ukuta wa nishati wa seli. Marritza anamsihi amwadhibu. Kira anakataa, anamtoa nje.

Nje, Mbajori mmoja anamchoma kisu. Kira akiuliza kwa nini, anajibiwa kwamba ule Ukardasia wake unatosha kuwa sababu. Kira anasema hautoshi. Rudi sasa mwanzo wa kipindi: alipoamuru mgonjwa akamatwe, Kira hakuwa na ushahidi wa kosa lolote, alijua tu kwamba ni Mkardasia aliyekuwapo Gallitepp. Jibu analolikataa mwishoni ndilo alilokuja nalo. Kilichomgharimu ni adui ambaye ilikuwa rahisi kumchukia.

Zoezi la hatua hii nimelichukua kwenye vibanda vyetu vya video. VJ hodari, yaani yule msimulizi anayeitafsiri filamu ya kigeni kwa watazamaji, hatafsiri neno kwa neno. Anamwambia mtazamaji mhusika anatafuta nini kabla mhusika hajafungua kinywa. Basi zima sauti kwenye tukio la seli, mmoja wenu asimame asimulie kama VJ, kwa lugha yake, kila anayeonekana anataka nini kwa mwenzake. Mkifika pale Marritza anapoanza kulia, wengi hunyamaza. Andikeni mlichotaka kusema mkashindwa. Mara nyingi hicho ndicho kiini cha tukio.

Hatua ya 4: Pima umbali

Ruka hadi msimu wa saba. Cardassia imeingia ubia na dola kubwa iitwayo Dominion, na ubia umegeuka kuwa ukoloni. Damar, kiongozi wa Wakardasia, anaasi. Hajui vita vya msituni. Anayejua ni Kira, aliyejifunza kwa kupigana na Wakardasia wenyewe. Anatumwa kuwafundisha.

Tazama mavazi. Katika kazi hii Kira anavaa sare ya Starfleet, jeshi analolitumikia Sisko, kwa sababu Wakardasia wangeona taabu kupokea mafunzo kutoka kwa Mbajori. Mwanamke aliyeilinda sare ya Bajor kwa misimu yote anaivua ili adui wa zamani asione haya. Maandishi hayakuhitaji hotuba, sare imesema.

Kisha Damar anapata habari kwamba mke na mwanawe wameuawa na Dominion. Anauliza kwa uchungu ni serikali gani inayoua wasio na hatia. Kira anamrudishia swali lilelile: ni watu gani hutoa amri kama hizo? Kwa kitambo anajilaumu kwa kumtonesha aliyefiwa. Kira wa msimu wa kwanza asingejilaumu. Umbali huo, kutoka kumkamata Mkardasia kwa sura yake hadi kuona huruma baada ya kumwambia ukweli, ndio ukuaji wa mhusika. Uandike hivyo hivyo, kwa matukio mawili yaliyowekwa ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 5: Geuza dhamira iwe swali, kisha waulize wahusika wengine

Ukiandika "dhamira ya tamthilia hii ni vita na amani" hujasema kitu. Safari ya Kira imetupa swali lenye makali: aliyeutumikia uonevu bila yeye kushika bunduki, anadaiwa nini? Sasa waite wengine wajibu.

Marritza anajibu: anadaiwa maisha yake. Odo, mkuu wa usalama kituoni, alifanya kazi hiyohiyo chini ya Wakardasia na kila mtu anamsifu kwa haki. Katika kipindi kiitwacho Things Past, cha msimu wa tano, inafichuka kwamba Wabajori watatu wasio na hatia waliuawa kwa sababu aliharakisha upelelezi. Yeye anajibu kwa kukiri mbele ya Kira, na Kira hana maneno mepesi ya kumpa. Damar anajibu kwa kugeuka na kupigana. Majibu matatu, na tamthilia haisemi lipi ni sahihi. Dhamira inakaa katika mvutano huo, kwa hiyo usimalize kwa kuchagua moja na kulibandika kama funzo.

Kwenye hatua hii wanafunzi hawabaki angani. Wanaitaja Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, iliyowaruhusu walioacha uasi kurudi nyumbani bila kushtakiwa. Wanamtaja Dominic Ongwen, aliyetekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akakua hadi kuwa kamanda, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Majaji waliuzingatia utoto wake walipopanga adhabu. Mjadala huo ni halali na nauruhusu, kwa masharti mawili. Kwanza, usiseme hadithi "ni sawa na" yaliyotokea Gulu au Kitgum, kaskazini mwa nchi, wakati wa vita vya LRA. Onyesha swali linafanana wapi na linaachana wapi. Marritza alikuwa mtu mzima, na tofauti hiyo si ndogo. Pili, usimlazimishe aliyeishi kambini wakati wa vita hivyo kutoa ushuhuda ili uchambuzi wako unoge.

Hatua ya 6: Uliza sayansi inafanya kazi gani

Kila kitu cha ajabu lazima kimguse mtu, la sivyo ni pambo. Mfano ninaoupenda ni wa Nog, kijana aliyefundishwa kusoma na rafiki yake, Jake Sisko, akaja kuwa mtu wa kwanza wa jamii yake kuingia Starfleet. Msimu wa saba anapoteza mguu vitani. Madaktari wa karne hiyo wanamtengenezea mguu mwingine, mzima kabisa, lakini Nog anaendelea kuchechemea na kutembelea fimbo, maumivu hayaishi. Kwa kuutibu mguu hadi mwisho, sayansi imetuondolea kisingizio. Kilichobaki ni hofu ya kijana aliyegundua kwamba anaweza kufa.

Jaribu hivi: badilisha kifaa hicho kiwe cha leo. Kama hadithi haipungukiwi kitu, kifaa hakikuwa na kazi. Hapa ingepungukiwa, maana mguu wa bandia wa kawaida unaweza kuuma wenyewe.

Hatua ya 7: Andika aya moja kwanza

Kabla ya insha ndefu, andika aya yenye mhusika, matukio mawili na swali. Hii ni yangu:

"Katika msimu wa kwanza Kira Nerys anamkamata Mkardasia kwa sababu ni Mkardasia, kisha anamfungulia baada ya kujua alikuwa karani aliyeziba masikio. Katika msimu wa saba anavua sare ya nchi yake ili awafundishe Wakardasia kujikomboa. Hajawasamehe, anapomkumbusha Damar amri za zamani, bado anadai. Tamthilia inauliza kama mtu anaweza kuendelea kudai huku akisaidia, na inamwacha Kira aishi na swali hilo."

Mpe aya yako mtu ambaye hajaitazama tamthilia. Akisema "kumbe ni mtu mzuri," umeandika sifa. Rudi hatua ya pili. Akianza kubishana nawe kama Kira alipaswa kumfungulia yule karani, endelea na insha.