Kipupwe na kuta za Dar: namna ya kupiga picha majumba yaliyochakaa

Dar hatuna baridi ya kuvaa koti, ila tuna kipupwe, Juni hadi Agosti, na kwa anayependa majumba machakavu huo ndio msimu. Masika yameondoka lakini alama zake bado ziko ukutani: ukungu mweusi chini ya kila bomba la paa, majani mabichi kwenye nyufa. Nenda mapema, kabla jua halijakausha kila kitu.

Hatua ya 1: Lisome jua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Juni jua letu halipiti utosini. Linapita upande wa kaskazini, na hata saa 6 mchana liko kama nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini unapata mwanga wa ubavu asubuhi nzima. Kila lipu iliyobambuka inatupa kivuli chake, na kivuli hicho ndicho picha. Ukuta wa kusini utaukuta gizani. Uwekee kiporo hadi Desemba, jua likihamia upande wake. Macheo ni kama saa 12:30. Saa 1 niwe mtaani, saa 3 naondoka, magari yakishaziba mbele ya nyumba.

Kuna ukuta karibu na Mtaa wa India niliurudia mara nne. Mara tatu ulikuwa bapa kama karatasi. Mara ya nne mawingu yakaachia upenyo wa dakika tano hivi, nikaona kutu imetiririka kutoka kwenye roshani hadi juu ya mlango. Upepo wa bahari una chumvi. Nondo ikishika kutu inavimba na kupasua saruji kutoka ndani. Ule mstari mwekundu ulikuwa pale siku zote, mwanga tu ndio haukuwepo.

Hatua ya 2: Salimia

Usidhani jengo lililochakaa halina mtu. Juu kuna familia, chini ya ngazi kuna fundi viatu, mlangoni kuna mlinzi. Siku ya kwanza nenda mikono mitupu, unywe kahawa na kashata kijiweni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, mzee. Nimeipenda hii nyumba, naomba nipige picha ukuta."

"Ukuta? Huu mbovu?"

Atacheka, kisha atakusimulia nyumba nzima. Mimi niliwahi kuruka hatua hii. Nikapiga dirisha la nyumba niliyodhani ni tupu, mama akatokea kuanika kanga. Alinifokea, na alikuwa na haki. Nikafuta picha mbele yake.

Bandari, stesheni, polisi, Ikulu na chochote cha jeshi, achana navyo, hata kama jengo ni la enzi za Wajerumani na linakuita.

Hatua ya 3: Kamera

Fupi tu. Tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 au 200, kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kama huna stendi. Mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye alama ya jua. Ukiiachia kamera ichague, itaiua njano ya asubuhi. Kwa simu, gusa ukuta kisha shusha mwanga kidogo. Usiinue kamera kutafuta paa, nyumba italala chali. Rudi nyuma hatua kumi.

Hatua ya 4: Sogea

Ukishapata jengo zima, tazama juu ya mlango. Majumba mengi ya kati ya mji yana mwaka na jina la mwenye nyumba wa kwanza, vimefinyangwa kwenye saruji. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba zikabadili mwenyewe, majina yakabaki ukutani. Pale ndipo lenzi ya milimita 50 inapofanya kazi, na pengine waya za umeme zilizopita katikati ya herufi zinasema zaidi ya jina lenyewe. Usizikwepe.

Hatua ya 5: Nyumbani

Rangi usiongeze. Chokaa iliyopauka iache ipauke. Halafu chapisha moja, ya studio ya mtaani inatosha, umpelekee aliyekuruhusu. Mlinzi wangu aliibandika ndani ya kibanda chake, na safari iliyofuata ndiye aliyeniambia kwamba nyuma kuna ngazi ya chuma ambayo sikuwa nimeiona.