Chumba kina unyevu? Okoa fanicha yako hivi

Kama unakaa graundi floo hapa Nairobi unajua vile ukuta hutoa jasho kuanzia mvua ya Machi hadi ile baridi ya Julai. Kitu ya kwanza, vuta wodrobu na kochi zitoke kwa ukuta, hata upana wa kiganja tu, hewa ipite huko nyuma, juu ukungu huanzia pale hakuna mtu huangalia.

Zile kabati za bodi ya unga wa mbao ndio zinaumia sana. Maji hupandia chini pale kingo haijafunikwa, bodi inafura, inamomonyoka, na ikishafura hairudi, fundi asikudanganye. Kwa hivyo inua miguu juu ya vipande vya tailsi ama mbao, halafu hizo kingo za chini zipake vanishi kabla mvua ianze.

Ukiona ukungu, toa kitu nje, pangusa na kitambaa chenye siki, kausha kabisa ndio urudishe. Na usichanganye siki na dawa ya klorini ya kutoa madoa, hiyo hewa inatoka ni sumu.

Madirisha fungua mchana jua likiwaka. Nguo usianike ndani, na ukipika fungua dirisha, mvuke wote huishia kwa kabati. Makaa kwa bakuli inasaidia kidogo ndani ya droo, chumba kizima haiwezi. Kama ukuta uko na doa linapanuka hata kiangazi, hiyo pengine ni paipu inavuja, ita keyateka.