Chimba shubiri moja kabla ya kupanda
Msimu uliopita nilipanda mahindi mara mbili, ndipo jirani yangu mmoja hapa Mpeketoni akanionyesha hili. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, chimba kwa panga shimo la shubiri moja, toa udongo wa chini kabisa, ufumbate. Ukishikana ukawa donge, panda. Ukimwagika vidoleni kama unga, ngoja. Mvua hiyo mara nyingi hulowesha juu tu: mbegu huota, jua likarudi wiki nzima, mche ukakauka (na bei ya mbegu mwaijua). Kwenye mchanga mtupu wa karibu na bahari kipimo hiki hudanganya, haushikani vizuri hata ukilowa. Huko tazama rangi: weusi wa unyevu ufike chini kabisa ya shimo.